Mbwa mzee wa kituoni, miguu ya nyuma dhaifu: ubao wa mteremko, ngazi fupi au taulo?

Mvi_Usoni
Wakuu, kuna mbwa wa kituo cha uokoaji, dume, miaka 11, kilo 28. Miguu ya nyuma imelegea, na kibaraza cha mlangoni kina kimo cha sm 50. Nimfungie ubao, nimwekee ngazi fupi, au nimwinue kwa taulo?

Msumeno
Ubao, ila usiwe mfupi. Ubao wa mita 1 kwa kimo hicho ni mlima wa nyuzi 30. Tafuta wa mita 1.6, utashuka hadi nyuzi 18 hivi. Upana usipungue sm 45. Gundisha zulia uso mzima, na ncha ya juu ikazwe kwa skrubu. Ukitikisika mara moja tu akiwa juu yake, utabaki nao wewe.

MamaMikia
Naongezea hapo kwa Msumeno: asipandishwe siku ya kwanza. Ulaze chini siku mbili tatu, apite juu yake akifuata vipande vya nyama. Kisha inua ncha moja sm 10, halafu 25. Akigoma rudi hatua moja, usimvute kwa kamba.

Ngazi mimi naipinga. Mbwa akishuka, uzito humwendea mabegani na kwenye viwiko, navyo kwa umri huo huwa na baridi yabisi yake. Vidato vikiwa vyembamba ataruka viwili vya mwisho, na hapo ndipo anapoumia.

Kwato4
Taulo inafaa wiki za mwanzo, wakati anajifunza ubao. Ipitishe chini ya tumbo, karibu na mapaja, ushike ncha zote mbili juu ya mgongo. Unampunguzia uzito tu, nyayo zibaki chini. Kwa dume angalia isizibe njia ya mkojo, la sivyo mtalowa wote wawili.

Mvi_Usoni
Akikwaruza kucha anapotembea je?

MamaMikia
Hilo litangulie ubao, ndugu yangu. Kucha za nyuma zikiwa zimelika kwa juu, huenda tatizo ni neva, si viungo. Akiwa amesimama, mshikilie asianguke, kisha kunja unyayo wa nyuma ukanyage kwa upande wake wa juu. Mbwa mwenye neva nzima huurudisha papo hapo. Akiuacha hivyo, daktari wa mifugo kwanza.

Na dawa za maumivu za binadamu, ibuprofeni na paracetamol, usimpe kwa makisio yako: zinaua. Za mbwa, kama meloksikamu, huanza baada ya kupima damu kuona hali ya figo na ini, na hazichanganywi na steroidi (aina nyingine ya dawa za kupunguza uvimbe).

Msumeno
Sakafu ya vigae nayo itandike mikeka yenye mpira chini, kuanzia anapolala hadi kwenye maji. Nywele za kati ya vidole zipunguzwe, zinatelezesha kuliko vigae vyenyewe.