Wakamuaji tisa wa alizeti, mfumo mmoja wa kupima uzalishaji: tuanzie wapi?

Kinu_Kati
Wakuu habari. Tuko wakamuaji wadogo tisa wa alizeti, Singida mjini na Iramba. Kila mmoja ana mashine moja au mbili za kukamua, mota za 11 hadi 15 kW. Tunataka kuchanga tufunge vihisi: umeme, kilo zinazoingia, mafuta yanayotoka, kila mtu aone vyake kwenye simu. Muuzaji mmoja anashauri kila kiwanda kinunue mfumo wake kamili. Tupime nini kwanza? Vifaa gani vinavumilia vumbi na umeme wa huku? Na tunashirikiana vipi wakati kwenye kununua mbegu tunagombania gunia lilelile?

Fundi_Waya
Msinunue mifumo tisa. Mtakuwa na programu tisa zisizosomana, na kila muuzaji akipotea, kiwanda kimoja kinazimika.

Anzeni na umeme, kwa sababu unapimwa bila kugusa mashine yenyewe. Mota ya 15 kW kwenye volti 400 ikibeba mzigo kamili huvuta kama ampea 28. Ikikaa chini sana wakati shafti inazunguka, mbegu haziingii sawasawa, mara nyingi hopa imeziba. Ikipanda juu ya 30 na kubaki huko, ama mbegu ni kavu mno, ama njia ya kutokea mashudu (masalia ya mbegu baada ya kukamuliwa) imekazwa kupita kiasi.

Vikoleo vya SCT-013 (vihisi vya ampea vinavyobana waya) na ESP32 (kompyuta ndogo ya kusoma vihisi na kutuma data) ni rahisi mfukoni, lakini angalieni mambo mawili. SCT-013-000 ya ampea 100 haina rezista ndani, kwa hiyo kwa saketi ya volti 3.3 muweke ya omu 22. Mkisahau, kikoleo kilicho kwenye waya wenye mzigo hutoa volti kubwa, kinaunguza pini. Pili, ESP32 ikiwasha Wi-Fi, pini za ADC2 (kundi mojawapo la pini za kusoma volti) hazisomi kitu. Tumieni pini za GPIO namba 32 hadi 39 tu. Watu hubadilisha vikoleo vitatu kabla ya kugundua tatizo ni pini.

Binafsi ningefunga mita ya fezi tatu yenye RS485, njia ya kutuma vipimo kwa waya. Kikoleo peke yake kinatoa ampea, hakijui kilowati, na mota isiyobeba mzigo huvuta ampea nyingi kwa kazi kidogo. Waya wa RS485 uwe pea iliyosokotwa, upite mita hadi mita bila matawi, na rezista ya omu 120 kwenye ncha zote mbili. Kila mita ipewe anwani yake kabla ya kufungwa. Mita mbili zenye anwani namba 1 zikijibu pamoja, mtapata makosa ya kuja na kuondoka mkidhani waya umekatika. Waya huo usilale pamoja na waya wa mota.

Kinu_Kati
Asante mkuu. Intaneti ikikatika siku nzima je? Huku ni kawaida.

Fundi_Waya
Kifaa kiandike kwenye kadi ya kumbukumbu kwanza, kisha kitume mtandao ukirudi. Hapo kinahitaji saa yake, DS3231 inatosha. Lakini tahadhari: zile bodi za bei ya chini zina njia ya kuchaji betri, na betri inayouzwa nayo mara nyingi ni CR2032, aina isiyofaa kuchajiwa, inavimba. Ng'oeni ile rezista ya 200 omu iliyo karibu na dayodi, au muweke LIR2032, ambayo huchajiwa. Ujumbe wa baiti 200 kila dakika ni kama megabaiti 9 kwa mwezi, na hata ukiongeza data ya ziada inayoliwa na mtandao wenyewe, bando dogo linatosha. Boksi liwe IP65 (lisilopitisha vumbi wala maji ya kurushiwa), tundu la waya liangalie chini. Vumbi la makapi likichanganyika na mafuta ni gundi.

Mezani_na_Mizani
Fundi amesema kweli kuhusu umeme, ila pesa yenu kubwa haiko kwenye umeme, iko kwenye mashudu. Chukua tani moja ya mbegu yenye mafuta asilimia 38. Visivyo mafuta ni kilo 620. Mashudu yakitoka na mafuta asilimia 12, mnapata kama kilo 705, ndani yake kilo 85 za mafuta. Yakitoka na asilimia 8, ni kilo 674 na kilo 54 za mafuta. Tofauti ni kilo 31, karibu lita 33 kwa kila tani mnayokamua. Sijahesabu maji yanayopotea kwa joto, lakini picha ni hiyo.

Hilo vihisi mnavyotaka kufunga havitawaambia. Linahitaji maabara, na hapo ndipo ushirika una faida kuliko chochote. Changeni mpimiwe pamoja, sampuli moja kwa kiwanda kila wiki. Wasilianeni na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, muulize nani anapima. Sampuli ichukuliwe hivi: konzi tano ndani ya saa moja ya kazi, changanyeni, gaweni mara nne, chukueni gramu 200, mfuko ufungwe usipitishe hewa. Konzi moja ya mwanzo wa zamu itawadanganya, mashine bado haijapata moto.

Unyevu pia. Kipima unyevu cha mkononi kilichowekwa kwa mahindi kinasoma alizeti vibaya. Mlinganishe na tanuri la nyuzi 103, mkaushe hadi uzito usipungue tena, mjue kinakosea kwa kiasi gani.

Mizani ya jukwaa yenye RS232 (tundu la kutoa data) inaunganishwa kupitia MAX3232, chipu ya kubadili volti, msiiunganishe moja kwa moja na ESP32, itaiua. Ya kununulia mbegu lazima iwe na muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Kitabu_cha_Kikundi
Kuhusu ushindani: msichangie tani. Changieni uwiano. Kilowati saa kwa tani, asilimia ya mafuta kwenye mashudu, saa mashine ilizosimama. Kila mtu aone vyake kwa jina, na vya wengine aone namba moja tu ya kati, ile inayokaa katikati mkizipanga tisa. Wastani wa kawaida unavutwa na mmoja mwenye namba iliyo mbali na za wengine, na mkiwa tisa watu hukisia ni nani.

Andikeni kwa kalamu kabla ya kununua waya: data ni ya mwenye mashine, anayetoka kwenye kikundi anafutiwa zake kwenye seva, na nywila ya seva inashikwa na watu wawili. Fundi awe mmoja, alipwe na wote kwa mwezi, si kwa kuitwa. Akilipwa kwa kuitwa, kila hitilafu inakuwa mapato yake. Stoo ya pamoja iwe na mita moja ya akiba, ESP32 mbili, na chanzo cha umeme cha volti 5 kadhaa, maana hicho ndicho kinachokufa kwanza umeme ukiruka.

Fungeni viwanda viwili kwanza, kimoja cha mjini na kimoja cha Iramba, msimu mmoja. Chagueni vile ambavyo wenye navyo hukaa kiwandani.