Korosho inakauka ghalani, upungufu tunakatwa sisi makarani. Hii imekaaje jamani?

karani_wa_mizani (Mtwara mjini)

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri maana jana nimelala saa 8 usiku na saa 11 nilikuwa macho tena nawaza hili jambo.

Mi ni karani wa ghala hapa mjini, kampuni naomba nisiitaje. Kazi yangu mizani. Gari likija kutoka Newala au Tandahimba tunapima naandika makuli wanapanga, likija la mnunuzi kuchukua mzigo tunapima tena naandika. Mnada ukishaanza mwezi wa 10 hatuna mchana wala usiku, naingia saa 1 asubuhi natoka saa 3 usiku, siku za foleni mpaka saa 5, na ovataimu sijawahi kuiona na huu ni mwaka wa 3.

Sasa ishu yenyewe. Mtu yeyote wa kusini anajua korosho ikikaa inapungua. Mkulima akiona mawingu ya mwezi wa 11 anaanika siku moja anakimbiza mzigo, unaingia ghalani na maji yake, ukikaa wiki nne tano uzito unashuka hata kama gunia halijaguswa. Kuna loti ya tani 40 ilipotoka ikapungua kilo 640. Meneja hakutuita hakuuliza. Saa 11 alfajiri katupa voisi kwenye grupu la WhatsApp dakika 4 nzima, wezi nyie, njaa zenu zimalizieni makwenu, na kwenye lile grupu yumo mlinzi, wamo makuli, yumo mpaka mama anayetupikia chai. Mshahara wangu ni 420,000, mwisho wa mwezi nimekatwa 180,000, ukitoa na makato mengine ya kawaida nimeondoka na chini ya laki 2. Mwenzangu wa zamu vilevile.

Kile kipima unyevu chetu betri imekufa tangu wiki ya pili ya msimu. Nimeomba inunuliwe mara tatu, mara ya mwisho akaniambia we ndo utanifundisha kazi? Sasa juzi kaleta karatasi tusaini kwamba tumekubali wenyewe kukatwa miezi mitatu mingine. Sijasaini, ninayo mfukoni mpaka sa ivi imeshaanza kuchanika kwenye mkunjo.

Hela inauma, nina watoto wawili. Ila yule mama wa chai mumewe tunaswali msikiti mmoja, tangu ile voisi nikimpa salamu sijui ananionaje. Nisaini yaishe? Niache kazi? Au kuna pa kwenda?

Mstaafu_wa_stoo (Mikindani)

Marahaba mwanangu. Usisaini hiyo karatasi, ukishaweka sahihi umeshasema mwenyewe kwamba ulichukua.

Nimekaa stoo miaka 22, hiyo habari ya kukauka haikuanza leo. Korosho ya kuweka ghalani unyevu unatakiwa uwe kwenye asilimia 10 kushuka chini. Chukua hizo tani zako 40, zikiingia na asilimia 12 zikakaa zikafika 10, piga hesabu utaona zinaondoka kilo zaidi ya 880 na hakuna mtu kaiba hata punje. We umepungukiwa 640. Sisi kila gari tulikuwa tunaandika kwenye kauntabuku tarehe, namba ya gari, uzito na unyevu, dereva anasaini palepale. Bosi akija na maneno unamfungulia ukurasa. Mtu anayeendesha ghala la korosho bila kupima unyevu hajui alichopokea, sasa hasara ataijuaje?

Utumishi_Lindi

Pole sana kaka. Mi nafanya kazi ya utumishi, sio kwenu, ngoja nikueleze ilivyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 28 inaongelea haya makato. Mwajiri hawezi kukukata tu kwa hasara aliyoiona kwenye karatasi. Lazima hasara iwe imetokea ukiwa kazini na iwe kwa kosa lako, akupe nafasi ya kujieleza kwanini usikatwe, asizidishe hasara halisi, na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara. Robo ya 420,000 ni 105,000. Yani hata ingekuwa kweli umepoteza wewe, 180,000 kashavuka, na kwa unavyosema hata kujieleza hukupewa.

Afu hayo masaa. Kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, kinachozidi ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu ya kawaida, na hata iweje mtu hatakiwi kuvuka masaa 12 kwa siku. Saa 1 mpaka saa 3 usiku ni masaa 14.

Andika barua, sio voisi sio meseji, eleza makato na omba ufafanuzi, kopi moja wagonge muhuri ubaki nayo. Wakikaa kimya nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ofisi ipo hapohapo Mtwara, unajaza fomu namba 1. Ila angalia siku: mgogoro kama huu unatakiwa ufike kule ndani ya siku 60 tangu utokee, wakikufukuza ni siku 30 tu. Wengi wanapotezea hapo, wanasubiri bosi apoe.

msimamizi_Masasi

Naomba niseme kitu ambacho wengine hawatakipenda. Wizi ghalani upo, nasimamia ghala nimeukamata kwa macho yangu, mtu anafagia korosho zilizomwagika jioni zinaondoka kwenye ndoo ya maji ya kunawa. Kwahiyo meneja kuogopa upungufu namuelewa.

Ila kutukana watu kwenye grupu ndo njia ya kuibiwa zaidi. Msimu wa kwanza napewa hii kazi nilikuwa nafoka hivyohivyo. Bati likavuja kwenye kona, vijana wameona siku ya kwanza, hakuna aliyeniambia maana kila anayeleta habari mbaya nilikuwa namgeuzia yeye kosa. Nimekuja kujua baada ya wiki mbili, magunia 30 yameota ukungu ukiingiza mkono ndani unakuta joto. Nilimuita kijana mmoja nikamuuliza kwanini hukusema, akaniangalia tu. Lile jicho sijalisahau. Tangu siku ile upungufu ukitokea tunakaa kwenye mizani wote na daftari kabla sijamtaja mtu.

Bint_Mtanda (Lindi)

Kaka usiache kazi kwa hasira nakuomba. Mi nilikuwa lodge moja huku Lindi, taulo likipotea tunakatwa wote wa zamu, glasi ikivunjwa na mgeni tunakatwa, siku ya Iddi nimefanya kazi mpaka usiku kesho yake naulizwa mbona sebule ina vumbi. Nikatupa funguo kaunta nikaondoka. Sikuandika chochote. Nimekuja kupata akili ya kuuliza haki zangu miezi minne imepita, CMA wakaniambia nimechelewa natakiwa kwanza niombe kibali cha kusikilizwa nje ya muda, nikashindwa kuendelea. Ile voisi usiifute, na mtu mwingine awe nayo kwenye simu yake.

karani_wa_mizani

Nawashukuru sana, mzee wangu wa Mikindani hesabu yako nimeiandika kwenye karatasi nimemuonesha mwenzangu akakaa kimya muda mrefu afu akasema kumbe. Voisi ninayo na yeye anayo.

Swali moja, zile siku 60 zinahesabiwa tangu voisi au tangu mshahara? Na unyevu sikuuandika kwasababu kipimo kilikuwa kibovu, sasa ushahidi wa kwamba nilikuwa naomba betri nitautoa wapi, nilisema kwa mdomo.

Utumishi_Lindi

Hesabu tangu siku ulipokatwa. Habari ya betri iweke kwenye hiyo barua, taja kila mara uliyoomba na nani alikuwepo. Makuli waliokuwepo wanaweza kusema walichosikia.

Mstaafu_wa_stoo

Na kesho gari la kwanza likiingia andika kwenye kitabu "unyevu haukupimwa, kifaa hakina betri", dereva asaini. Gari la pili hivyohivyo.

karani_wa_mizani

Sawa mzee. Kuna mawili yanatoka Nanyamba usiku huu, nitakuwa mizani saa 12 na nusu. Barua naiandika sa ivi kabla sijalala, mwenzangu kasema na yeye anaweka jina lake.