Mrejesho: prosesa iliyokuwa inafika nyuzi 100

Wakuu, asanteni kwa ushauri. Kwa aliyepitwa: kompyuta ya mezani yenye prosesa (chipu kuu) ya Core i5-4590 ilipanda hadi nyuzi joto 100 za Selsiasi ndani ya dakika mbili za kazi nzito, ikapunguza spidi, kisha ikajizima. Vumbi lilishapulizwa, wapi!

Aliyesema "cheki pini" alipatia. Moja kati ya pini nne zinazoshikilia hitisinki (chuma cha mapezi kinachonyonya joto la prosesa) ilikuwa haijabana, ukiigusa inacheza. Pesti ya zamani (krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) imekauka kama chokaa, na alama yake imeshika nusu tu ya mgongo wa prosesa. Nusu nyingine ilikuwa hewa tupu, na hewa hupitisha joto kidogo sana.

Imefutwa kwa spiriti, likawekwa tone moja la pesti katikati, saizi ya punje ya njegere. Usilipake, mgandamizo utalisambaza. Kabla ya kubana, zungusha vichwa vya pini kinyume cha mshale uliochorwa juu yake (wengi hukosea hapa), kisha bana kwa kukingamana mpaka kila moja ilie "ta!" Chungulia nyuma ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta): miguu yote minne iwe imetokeza sawa.

Sasa ikitulia ni nyuzi 37, nusu saa ya mzigo kamili 69. Feni ileile.