PDF za kwenye imeili hazifunguki, nikifungua kwa Notepad naona herufi tupu

mwanafunzi_77:
Wakuu habari za saa hizi, naombeni msaada. Kuna mtu kanitumia PDF tatu kwa imeili, kwake zinafunguka vizuri kabisa ila kwangu naambiwa faili imeharibika, nimedaunlodi upya mara nne, nikabadilisha brauza, nikajaribu na kwenye simu, wapi. Moja nikaifungua kwa Notepad nikakuta mistari na mistari ya herufi na namba, inaanza JVBERi0xLjQK halafu inaendelea hivyo hivyo hadi chini. Ni virusi au? Kesho mchana natakiwa niwe nimezisoma zote.

msafiri:
Mwambie azizipu atume tena mkuu, mimi huwa inanisaidia.

fundi_seva:
Si virusi, ondoa hofu. Na kuzipu hapa hakusaidii, zip nayo itafika na ugonjwa uleule, utaona tu inaanza na UEsDB badala ya JVBER. Hiyo ni base64, njia ya kuandika faili kwa herufi za kawaida. Imeili toka zamani ilitengenezwa kubeba maandishi ya kawaida ya biti 7, kwa hiyo PDF au picha inageuzwa kwanza iwe herufi, kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, ikifika programu yako ndo inazirudisha zilivyokuwa, na kwako huko kurudisha hakujafanyika. Hizo herufi za mwanzo ukizigeuza unapata %PDF-1.4, yaani faili yako imo humo humo nzima. Mara nyingi ni mfumo uliotuma haukuandika mstari wa Content-Transfer-Encoding: base64 (ule unaoiambia programu yako kwamba faili imegeuzwa), au umegeuza mara mbili. Muulize saizi ya kwake, yako lazima imezidi kama theluthi hivi.

Kama uko Windows fungua Command Prompt kwenye folda hiyo uandike (barua.pdf ni uliyopokea, safi.pdf ndo itakayotoka):

certutil -decode barua.pdf safi.pdf

Ila tafadhali usiisevu kutoka Notepad wala Word.

mwanafunzi_77:
Kweli aisee, kwake 900 KB kwangu 1.2 MB! Mbili zimefunguka, asante sana kaka. Ya tatu bado inagoma.

fundi_seva:
Iangalie hiyo uliyogeuza kwa Notepad, shuka mwisho kabisa. Usipoona %%EOF, ile alama ya mwisho wa PDF, basi ilikatika njiani, hapo cha kugeuza hakuna.

bintimwandishi:
Samahani nadandia, mimi CSV zangu zinafika zimeandikwa ngâ€™ombe badala ya ng’ombe, ni hiyo hiyo?

fundi_seva:
Hapana dada, hiyo nyingine. Faili ni UTF-8, Excel inaisoma kama Windows-1252, hizo ni njia mbili tofauti za kuandika herufi kwa baiti. Ile ritifaa iliyopinda inabebwa na baiti 3, sasa kila moja inasomwa kama herufi yake, ndo unaona â€™. Usiifungue kwa kubofya mara mbili, anzia kwenye Excel, nenda Data, uilete kama CSV na uchague UTF-8. Na ukiiona imechafuka funga bila kusevu, ukisevu uchafu ndo unakuwa faili yenyewe.

mwanafunzi_77:
Nimeangalia, %%EOF haipo, imeishia katikati ya mstari. Nimeshamwandikia aitume hiyo moja upya.