Faiba mtaani: faida zaidi ya kuuza kasi

Swali: Wadau, mtoa intaneti mwenye nyumba 200 Kasarani anauza kasi tu, na bei inashuka. Aongeze nini?

Jibu: Kwanza gharama. Saa mbili usiku, nyumba 60 zikitazama video ya Mbps 5 ni Mbps 300 za kununua. Aunganishe KIXP, kituo cha watoa intaneti kubadilishana data hapa Nairobi; video nyingi zitatoka kwenye akiba za humu nchini (seva zenye nakala za video), si nyaya za baharini.

Jibu: Kweli kabisa. Ila asiguse kununua haki za kuonyesha filamu, gharama zitammeza! Awakodishie wateja ruta ya pili: kuta za mawe huua mawimbi ya Wi-Fi ya GHz 5, chumba cha mwisho hakipati kitu. Pia IP ya kudumu (anwani ya intaneti isiyobadilika) kwa wenye kamera za ulinzi.

Jibu: Hao awatoe kwenye CGNAT, mfumo wa wateja wengi kutumia anwani moja ya IP, la sivyo kamera haifikiki moja kwa moja kutoka nje.