MREJESHO: Yule papa wa E.V.O. nimemmaliza

Asalaam aleikum jamaa, mimi yule wa Lamu niliyeuliza wiki iliyopita nimpigeje papa mkubwa mwisho wa sura ya kwanza ya E.V.O., ile gemu ya Super Nintendo ya 1992 unaanza samaki mdogo ukila nyama upate pointi za kubadilisha mwili. Ahsanteni sana! Ule ushauri wa kuweka akiba ya pointi halafu nibadilishe kiungo katikati ya vita ili damu ijae upya ndio ulionifaa wallahi, nikabadilisha taya, kisha mapezi, papa kwisha. Ule wa kujibanza pembeni ya skrini haukunifaa, nilikufa mara mbili na kila ukifa nusu ya pointi zaenda. Sasa mimi na mpwa wangu tuko nchi kavu, ila malkia wa nyuki bado hatujamuweza.