Mjadala: Kampuni zizuiwe kununua hisa zake zenyewe?

Hesabu Safi: Kampuni iliyo sokoni ina faida ya milioni 100 na hisa milioni 50, yaani 2 kwa kila hisa. Ikinunua hisa milioni 5 na kuzifuta, inakuwa 2.22. Faida haijaongezeka hata senti, lakini kipimo cha mkurugenzi mwenye bonasi iliyofungwa kwenye faida kwa kila hisa kimepanda asilimia 11. Fedha hizo zingenunua mitambo. Marekani iliweka kanuni ya kuyakinga manunuzi haya dhidi ya mashtaka ya kuchezea bei mwaka 1982, na tangu 2023 inayatoza kodi ya asilimia 1. Haitoshi, ipigwe marufuku. Wanaopinga wengi ni wahasibu, ambao kwao mtambo ni gharama tu.

Mama Leja: Wahasibu tumekukosea nini? Mtambo wa milioni 60 unaodumu miaka 10 huandikwa gharama ya uchakavu milioni 6 kwa mwaka, basi. Vinavyoingia gharama yote mwaka huohuo ni utafiti, mafunzo na matangazo, na ndiko watendaji wanakokata robo mwaka ikibana. Utafiti wa Graham, Harvey na Rajgopal wa 2005 ulihoji watendaji wa fedha zaidi ya 400: asilimia 80 walisema wangepunguza matumizi ya aina hiyo ili wafikie lengo la faida. Hao ni wakubwa wanaoamua, si sisi tunaoandika leja.

Kigoda: Dada, hapo kwenye uchakavu usipite haraka. Mtambo wa zamani ukishafutwa vitabuni, mtaji unaonekana mdogo, faida juu ya mtaji inaonekana kubwa, na meneja anang'ang'ania chuma chakavu. Tazama: kitengo kina mtaji 100 na faida 25. Unakuja mradi wa 40 unaozalisha 7.2, asilimia 18, wakati mtaji unagharimu asilimia 12, yaani malipo wanayodai waliotoa fedha. Mradi ni mzuri. Lakini meneja akiukubali, wastani wake unashuka kutoka 25 hadi 23 na bonasi inakwenda na maji. Anaukataa, kisha anaiambia bodi kwamba soko ni gumu.

Mama Leja: Na kanuni hiyo ya bonasi iliandikwa na mhasibu? Imepitishwa na bodi! Dawa yake inajulikana: mtoze meneja gharama ya mtaji. Kabla ya mradi, 25 toa 12 (asilimia 12 ya mtaji wa 100) inabaki 13. Baada yake, 32.2 toa 16.8 (asilimia 12 ya 140) inabaki 15.4. Mlipe kwa baki hiyo, ataukimbilia mwenyewe.

Hesabu Safi: Mnazunguka. Tatizo ni mwenye mali. Kampuni za familia na za wakfu hazina presha ya robo mwaka. Wakfu wa Novo Nordisk, kampuni ya dawa ya Denmark, una kama robo tu ya mtaji, lakini kura zaidi ya robo tatu, kwa hiyo hakuna wa kuwatisha.

Mdai Mkuu: Familia tena! Mkuu, familia iliyoweka mali yake yote kwenye kampuni moja huogopa mradi wenye hatari, na haitaki hisa mpya zipunguze kura zake. Hivyo inakopa. Deni likizidi, uwekezaji unakufa hata mmiliki awe na subira kiasi gani. Mali 80, deni 100. Mradi unagharimu 10 na kuleta 15. Wenye hisa wakitoa 10 yao, mali inafika 95 na yote inachukuliwa na wadai. Nani atatoa? Wadai wakishusha deni hadi 83, wao wanapata 83 badala ya 80, wenye hisa wanapata 12 kwa 10 yao, na mradi unafanyika. Toys "R" Us, kampuni ya Marekani ya maduka ya vitu vya kuchezea watoto, ilinunuliwa 2005 kwa takriban dola bilioni 6.6, sehemu kubwa mkopo uliobebeshwa kampuni yenyewe, na 2017 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Maduka yalihitaji ukarabati, riba ikatangulia.

Hesabu Safi: Wewe unatetea wakopeshaji kwa sababu jina lako linakusaliti.

Mdai Mkuu: Jibu hesabu, achana na jina. Na ukipiga marufuku ununuzi wa hisa, fedha zitatoka kama gawio. Hapo mtambo umenunuliwa wapi?

Kigoda: Gawio haliipandishi faida kwa kila hisa, kwa hiyo kishawishi cha mkurugenzi kinapungua. Hapo Hesabu Safi ana hoja. Lakini njia fupi ni mkataba wa bonasi: idadi ya hisa ihesabiwe kama ilivyokuwa mwanzoni mwa mwaka, na nusu ya malipo ishikiliwe miaka 5.

Mama Leja: Na ile asilimia 12 ya gharama ya mtaji, usiitumie kwa vitengo vyote. Kitengo chenye mapato tulivu kikitozwa sawa na cha majaribio, miradi salama itakataliwa na ya hatari ndiyo itakayopita. Mngeanzia hapo kabla ya kuwasema wahasibu.

Hesabu Safi: Sikusema wahasibu wote.

Mama Leja: Umeandika "wengi". Soma ulichoandika.